Elimu ya Ugaidi na Usuluhishi: Kijana wa Kiislamu Aende na Nini, Arudi na Nini?

(Mada iliyotolewa mbele ya wahitimu wa kidato cha sita, wanafunzi wa vyuo na walimu wa madrasa mkoani Singida)

 



Vijana wetu wanaomaliza shahada ya kwanza wamekuwa wakitujia na fomu za ufadhili wa masomo ya uzamili nje ya nchi. Zamani fomu hizo zilikuwa za sharia, lugha na ualimu. Sasa zimo pia za fani inayoitwa kupambana na ugaidi, na nyingine inayoitwa usuluhishi wa migogoro. Kijana anauliza, "Mwalimu, niombe au niache?" Mzazi wake anauliza swali zito zaidi: "Huyu akienda kusomea ugaidi kwa watu wale, atarudi ni mwanetu au atarudi ni kachero?" Na yupo anayehofu kinyume chake, kwamba kijana mwenye ndevu na jina la Kiislamu akionekana huko na kitabu cha ugaidi mkononi, ataishia mahabusu.

Maswali yote haya ni ya haki, wala hayajibiwi kwa neno moja. Tunachokusudia leo ni kueleza elimu hii ni nini, ina hatari gani, na kwa masharti gani tunaona kijana wetu aende.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Yapo maneno husemwa kwamba ugaidi ni habari ya Waarabu na Wamarekani, na sisi wa Singida tuna alizeti zetu na mifugo yetu. Maneno haya hayana ukweli. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya saa tano asubuhi, mabomu yalilipuka kwa kupishana dakika chache katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam watu 11, na majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Wengi wao walikuwa makarani, wanafunzi, walinzi na wapita njia, watu wasiokuwa na ugomvi na yeyote. Miongoni mwa waliohukumiwa vifungo vya maisha huko New York kwa mauaji yale wamo wawili waliozaliwa Zanzibar. Kwa hiyo wauaji walikuwamo wa kwetu na waliouawa walikuwa wa kwetu.

Mwaka 2002 Bunge letu likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Masheikh wa Jumuiya ya Uamsho na Mihadhara ya Kiislamu ya Zanzibar walishitakiwa chini ya sheria hiyo jijini Dar es Salaam mwaka 2014, wakakaa mahabusu hadi Juni 2021, pale upande wa mashtaka ulipoiondoa kesi bila ya hukumu. Miaka ile haikurudishwa kwao wala kwa watoto wao.

Upande wa kusini, Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia mji wa Mocímboa da Praia, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Katika kanda zilizotolewa na watu wa kundi hilo Kiswahili kilisikika. Oktoba 2020 moto ule ukavuka Mto Ruvuma, na kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kikashambuliwa.

Hivyo basi Muislamu wa Afrika Mashariki amekuwa akiumizwa kutoka pande mbili: na mwenye bunduki anayeua kwa jina la dini yake, na dola inayomshuku kwa sababu ya mwenye bunduki. Mtu aliyezungukwa hivyo hana budi kuielewa hali yake.

Tena kuna jambo moja la kutuamsha. Mwaka 2017 Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa (UNDP) ulichapisha utafiti uliofanywa kwa kuwahoji watu 718 katika nchi kadhaa za Afrika, wakiwamo 495 waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Walipoulizwa ni tukio gani lililowafikisha katika uamuzi, asilimia 71 walitaja vitendo vya vyombo vya dola, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Asilimia 57 walikiri kwamba wanaelewa kidogo tu, au hawaelewi kabisa, maandiko ya dini. Na aliyepata elimu ya dini kwa miaka isiyopungua sita alionekana kuwa mbali zaidi na makundi hayo, kwa kiasi kinachofikia asilimia 32.

Walimu wenzetu, mnaifahamu maana ya tarakimu hizi. Kwa miaka mingi madrasa zetu zimenyooshewa kidole kuwa ndizo vitalu vya ugaidi. Sisi tulijibu kwa hasira na kwa hotuba. Aliyekuja na jibu lenye uzito mezani ni mtafiti aliyejua namna ya kuuliza, kuhesabu na kuandika. Lau tungekuwa na vijana wetu kumi wenye elimu hiyo, tusingesubiri wengine watusemee.

Elimu hii ni nini, na inasomwa wapi

Ieleweke kwamba hapa pana fani mbili, na mtu asizichanganye. Ya kwanza ni elimu ya ugaidi na kuudhibiti. Inachunguza makundi yanavyozaliwa, yanavyopata fedha na vijana, sheria zinavyotungwa, na mtu anavyoweza kutolewa katika njia hiyo. Ya pili ni elimu ya amani na usuluhishi. Hiyo inachunguza chanzo cha ugomvi, namna ya kuwakutanisha mahasimu, kuandika mapatano na kuyalinda yasivunjike.

Huko Uingereza, Chuo Kikuu cha Bradford kimefundisha elimu ya amani tangu 1973, na Chuo Kikuu cha St Andrews kilianzisha kituo cha uchunguzi wa ugaidi mwaka 1994. Costa Rica kipo Chuo Kikuu cha Amani kilichoasisiwa kwa azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1980. Kwa waliosoma kwa Kiarabu, kipo Riyadh Chuo Kikuu cha Kiarabu cha Naif cha Sayansi za Usalama, cha tangu 1978. Wala si lazima kuvuka bahari. Chuo Kikuu cha Addis Ababa kina taasisi yake ya amani na usalama tangu 2007, na Makerere, Uganda, kimepokea kundi la kwanza la kituo cha amani cha Rotary mwaka 2021.

Kijana akifika darasani, jambo la mwanzo litakalomshangaza ni kwamba wataalamu wenyewe hawajakubaliana ugaidi ni nini. Mwanazuoni Alex Schmid, katika kitabu chake cha 1984, alikusanya tafsiri 109 za neno hilo. Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa mwaka 1996 kuandaa mkataba mmoja wa jumla dhidi ya ugaidi haijafikia mwisho, na tafsiri ya neno ni miongoni mwa mambo makuu yaliyoikwamisha. Afrika, kwa upande wake, ilisema wazi katika mkataba wa Algiers wa Julai 1999 kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa na kujitawala hayahesabiwi kuwa ni ugaidi.

Sisi wa kanda ya kati tunao ushahidi wa jambo hili jirani yetu. Kongwa, mkoani Dodoma, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kuanzia miaka ya 1960. Kwa serikali ya makaburu wale walikuwa magaidi, ilhali kwa Mwalimu Nyerere walikuwa wageni wa taifa. Nelson Mandela aliongoza mazungumzo ya amani ya Burundi mjini Arusha baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, na mkataba ukatiwa saini Agosti 2000. Siku ile msuluhishi huyo jina lake lilikuwa bado katika orodha ya ugaidi ya Marekani, na halikuondolewa hadi mwaka 2008.

Hatusemi haya ili mtu apate kisingizio. Kuua raia sokoni ni dhulma, liitwe jina lolote. Tunasema ili kijana ajue kwamba neno hili lina siasa ndani yake, na mwenye kulitumia apime kwanza amelitamka kwa uadilifu au kwa kufuata mkumbo.

Hatari mbili za njiani

Hatari ya kwanza iko ugenini. Mei 2008, mwanafunzi wa uzamili wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Rizwaan Sabir, alikamatwa chini ya sheria ya ugaidi ya Uingereza. Alikuwa akitafiti habari za Al-Qaida, na alikuwa na waraka wa mafunzo wa kundi hilo alioupakua kutoka tovuti ya serikali ya Marekani, mahali ambapo kila mtu angeweza kuusoma. Akashikiliwa kwa karibu juma zima, kisha akaachiwa bila ya shitaka. Mwaka 2011 polisi walimlipa pauni 20,000. Mwaka 2015 mwanafunzi mwingine wa uzamili, katika Chuo Kikuu cha Staffordshire, alihojiwa kuhusu msimamo wake kwa kuwa alionekana maktaba akisoma kitabu cha somo lake la ugaidi. Chuo kilimwomba radhi, lakini yeye alikwishaacha masomo.

Tuzingatie mwisho wa habari hizi mbili. Huyu wa pili aliondoka, na hakuna wa kumlaumu. Wa kwanza aliendelea hadi akawa mhadhiri, na akaitumia elimu yenyewe kuhoji sheria iliyomkamata. Tunawausia wanaokwenda: utafiti wako uandikwe na kuridhiwa na msimamizi kabla hujagusa waraka wowote wa makundi hayo. Usiupakue katika simu yako, usiutume kwa rafiki, tumia njia za maktaba. Ujue sheria ya nchi uliyomo kabla ya kujua mitaa yake.

Hatari ya pili iko hapa nyumbani, nayo ni dhana mbaya. Kijana akirudi na shahada hii, wapo watakaonyamaza anapoingia msikitini. Dhana hiyo inaondoshwa kwa mipaka iliyo wazi. Msomi hapeleki majina ya watu kwa malipo, wala hageuzi darsa ya watu kuwa ripoti ya siri. Hiyo ni tajassus, na katazo lake tunalisoma katika Suratul Hujuraat. Hata hivyo, mwenye kujua kwamba kuna nafsi zimekusudiwa kuuawa, kisha akanyamaza, ameshiriki dhulma. Kuzuia damu isimwagike hakumfanyi mtu kuwa kachero. Mipaka hii miwili tuwafundishe vijana na wazee pia, ili mtu asihukumiwe kwa cheti chake.

Aende na nini

Sharti letu la kwanza ni kwamba asiende mtupu. Atakapokuwa huko ataambiwa kwamba usuluhishi ni elimu iliyobuniwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani baada ya vita vikuu. Asiyejua urithi wake ataamini. Anayeujua atakumbuka kwamba Madina ilikuwa mji wa Aus na Khazraji waliouana kwa vizazi, na kazi mojawapo kubwa ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kuwapatanisha. Atakumbuka mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiyya, Suhayl bin Amr alipokataa cheo cha utume kisiandikwe katika mkataba, na Mtume (s.a.w.) akaridhia kifutwe ili amani ipatikane, ilhali baadhi ya maswahaba wakubwa waliona uchungu. Hilo ni somo kamili la majadiliano: nini kiachwe, nini kishikwe, na nani atuliziwe moyo baada ya saini.

Vilevile katika mlango wa ugaidi hatukuanza jana. Mafakihi waliandika juu ya hiraba, yaani uhalifu wa wenye kuvamia njia na kutisha watu, karne nyingi kabla ya sheria hizi za sasa. Na Khawarij walipojitenga katika zama za Sayyidna Ali (r.a.), kabla ya upanga wa Nahrawan alitumwa kwao Abdullah bin Abbas (r.a.). Aliwasikiliza hoja zao moja baada ya nyingine, akazijibu kwa Qur'an ile ile waliyoishika, na maelfu wakarejea. Leo serikali kadhaa zina programu za kuwarejesha vijana kwa mazungumzo. Ni sunna kongwe hiyo.

Kwa hiyo kijana atangulize miaka ya kutosha ya fiqhi, sira, tafsiri na lugha ya Kiarabu. Na wale wenye vyeti vya thanawiyya na shahada za nje wasidharau utaratibu wa nchi: cheti cha sekondari cha nje kilinganishwe na Baraza la Mitihani la Taifa, na shahada itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Fauka ya hayo, Kiingereza chake kiwe imara, kwa kuwa sehemu kubwa ya vitabu vya fani hizi imeandikwa kwa lugha hiyo.

Mfano wa Wajir

Tunapenda kutoa mfano wa mwanamke mmoja wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kwani unatosha kuonyesha njia. Wajir ni mji wa ukame, kaskazini mashariki mwa Kenya. Ulikwishaonja damu nyingi, yakiwamo mauaji ya Wagalla ya Februari 1984 yaliyofanywa na vyombo vya dola. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Kisomali za hapo zikaingia katika vita vya malisho na maji, mpaka sokoni mwanamke wa ukoo huu hakuweza kununua maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule.

Dekha Ibrahim Abdi na wanawake wenzake hawakuanza kwa mkutano wa wakubwa. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na anunue kwa usalama, wakaweka waangalizi wa kufuatilia siku kwa siku. Soko lilipotulia ndipo wakawaendea wazee wa koo, na kazi ya kuzungumza kwa niaba ya wote wakamtaka mzee wa ukoo mdogo, ambaye hakuna aliyemwogopa. Mwaka 1993 wazee wakatoa Azimio la Al-Fatah, lililoweka kanuni za kurejesha amani. Baadaye kamati ile ya amani iliingizwa katika utaratibu wa serikali wa wilaya.

Dekha akaenda Uingereza, katika taasisi ya Responding to Conflict ya Birmingham, akawa mkufunzi, na ni mmoja wa waandishi wa kitabu cha kufundishia usuluhishi kilichotoka mwaka 2000. Machafuko ya uchaguzi yalipoiwasha Kenya mwanzoni mwa 2008, alikuwamo katika kundi la raia waliokutana Nairobi kila siku kuzuia moto, pamoja na Balozi Bethuel Kiplagat na Jenerali Daniel Opande. Mwaka 2007 alikuwa amepewa tuzo ya Right Livelihood. Alifariki Julai 2011 kutokana na ajali ya gari. Allah amrehemu.

Mazingatio yako katika mpangilio wa maisha yake. Alianza na tatizo la watu wake, kisha akatafuta elimu ya kulieleza kwa ulimwengu, kisha akarudi nayo nyumbani. Alipokaa Birmingham hakuwa mtu wa kufundishwa tu. Alikuwa na la kufundisha.

Arudi na nini

Sasa turudi Singida. Kijana wetu akirudi, atapata wapi kazi ya elimu hii? Wengi hufikiri ni lazima aajiriwe na shirika kubwa lenye magari meupe. Lakini aangalie sheria za nchi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakipa kila kijiji Baraza la Ardhi la watu saba, watatu wao wasiopungua wakiwa wanawake, na kazi yake ni usuluhishi. Baraza la Kata nalo, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, limebakiwa na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi kabla haijapanda juu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ugomvi wa wanandoa upelekwe kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya mahakama kuombwa talaka.

Kwa hiyo nchi imekwisha kuweka viti vya wasuluhishi kuanzia kijijini. Kilichopungua ni watu waliofunzwa kuvikalia. Mfugaji ameingiza ng'ombe katika shamba la alizeti kule Manyoni au Ikungi, panga limetoka alani, na mjumbe wa baraza hajui hata nani aanze kusikilizwa. Ndugu wanagombea mirathi, kesi inadumu mpaka wajukuu. Waumini wa msikiti mmoja wanagombea uongozi hadi wanaswali makundi mawili. Vijana wa namna hiyo, walioona haki haipatikani kwa wazee wala serikalini, ndio wanaosikiliza haraka sauti ya mwenye bunduki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunachopendekeza ni haya. Kwanza, misikiti na madrasa za mkoa zichague vijana, wa kiume na wa kike, wenye msingi wa dini na shahada ya kwanza, na ziwasaidie kuomba nafasi hizi. Kwa kuwa Wajir imetufundisha kwamba mwanamke hufika mahali ambapo wanaume hawafiki. Pili, kila anayekwenda atakiwe kuandika tasnifu yake juu ya mgogoro wa hapa kwetu, ili vijiji vyetu viingie katika vitabu kwa kalamu za watu wake. Tatu, akirudi afundishe kwa Kiswahili, walau darasa moja kwa mwezi, wajumbe wa mabaraza, maimamu na walimu.

Ndugu zetu wanafunzi, jibu letu ni kwamba ombeni. Nendeni mkiwa na elimu ya dini yenu na uelewa wa sheria. Na anayetafuta cheti tu ili asionekane tena Singida, tunamshauri achague fani nyingine, kwani hii imebeba roho za watu.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie milango ya elimu yenye manufaa, awalinde ugenini, na awajaalie kuwa funguo za suluhu na kufuli za fitna.